Sanda ya Watu Wawili

Nilikuwa katikati ya kipande cha pili wifi yangu Zoely alipoingia bila kubisha, akaketi juu ya gunia la vifuko vya hariri nilivyokuwa sijavichemsha, akafungua kifurushi chake cha mabuu ya hariri ya kukaanga. Sikusimamisha kazi. Uzi wa mshindio ukiachwa nusu ya njia hulegea, na kesho yake kitambaa huwa na mstari usiofutika.

"Hicho ni kipande cha ngapi?" aliuliza.

"Cha pili. Kimebaki kimoja."

"Vimebaki vitatu."

Nikauweka chini ubao wa kushindilia uzi.

"Sanda ni vipande vitatu, wifi. Unavishona ubavu kwa ubavu, basi. Hata wewe unajua."

"Ya mtu mmoja, ndiyo." Akatupa buu mdomoni, akalitafuna taratibu. "Tumeongea na wazee. Safari hii Ralambo tutamfunga pamoja na Bakoly."

Ralambo alikuwa mume wangu. Bakoly alikuwa mke wake kabla yangu. Alikufa kabla sijakanyaga kijiji hiki. Kwetu, wafu wakishakuwa mifupa hutolewa kaburini msimu wa baridi, wakavishwa sanda mpya, wakachezewa ngoma, kisha wakarudishwa kulala. Mume na mke wanaweza kufungwa katika sanda moja. Wakishafungwa hivyo hakuna awatenganishaye tena. Wanakuwa mzigo mmoja wenye majina mawili, na sijawahi kuona wenye majina matatu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe si uko hai?"

"Nitakapokufa."

"Utapata sanda yako. Tena nzuri, maana utakuwa umeifuma mwenyewe."

"Peke yangu."

"Shangazi Vola amelala peke yake kaburini tangu babu yangu akiwa kijana. Umewahi kumsikia analalamika?"

Nilitaka kusema kwamba shangazi Vola hakuwahi kuolewa, lakini Zoely alikuwa amekwisha kusimama, anakung'uta makombo. Mlangoni akageuka.

"Usininunie, Lanto. Ni yeye aliyenijia ndotoni, si mimi niliyemwita."

Hilo nalo lilinichoma. Mambo yote yalianzia kwenye ndoto hiyo. Ralambo alimtokea dada yake, akamwambia ana baridi, na kwamba kuna kitu kimemlemea kifuani. Kila mtu alijua maana ya baridi: sanda imechakaa, anataka nyingine. Cha kifuani hakuna aliyekijua, wakasema ni upweke. Mimi nilikuwa nimelala katika kitanda chake, upande wake wa kitanda, chini ya blanketi lake, wala hakunijia. Nilipomuuliza Zoely kwa nini amwendee yeye, alisema, "Ungemwanzishia ugomvi kabla hajamaliza salamu."

Niseme wazi kwamba Bakoly hakunikosea kitu. Kila ninayemuuliza ananiambia alikuwa mtu mpole, anacheka kwa urahisi, na hariri yake ilikuwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ralambo mwenyewe hakumtaja mara nyingi. Lakini shamba letu la mpunga lililo bora, lile la karibu na chemchemi, aliliita "la Bakoly" mpaka anakufa, na mimi ndiye niliyelipalilia. Kufuma nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua vitambaa vya zamani na kufuata njia ya uzi, kwa sababu siku moja aligusa sanda ya jirani akasema, kama mtu anayejisemea, "Hii haiko sawasawa." Nikajua anailinganisha na za nani.

Hata ubao wa kushindilia ninaotumia ulikuwa wa Bakoly. Ni mti mzito mwekundu, mrefu kama mkono, na karibu na ncha moja una kibonde kilichochimbwa na vidole vyake. Alitumia mkono wa kushoto. Mimi natumia wa kulia, kwa hiyo kibonde hicho hakinifai kitu. Kipo tu upande wa pili, laini, kinanitazama. Nimekuwa na Ralambo na ubao huu miaka mingi kuliko yeye. Upande wangu bado ni bapa.

Jumatano nilishuka mjini Ambositra na mitandio ya kuuza. Anayeninunulia ni Bwana Saidina, mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka Komoro. Ni mtu wa kupenda maneno, na siku hiyo mimi ndiye niliyeyaanzisha.

"Bwana Saidina, kwenu mtu na mkewe hufungwa pamoja?"

"Wapi?"

"Kaburini."

Akauacha mtandio. "Kwetu kila mtu na shimo lake. Mwanamume vitambaa vitatu vyeupe, mwanamke vitano. Pamba, si hariri yako. Jeneza ni la kubebea tu, likimfikisha linarudi msikitini kumsubiri mwingine."

"Na mkishamfukia hamrudi kumtazama?"

"Kumwombea tunarudi. Kumtazama, hapana." Akacheka. "Wewe ungependa kutazamwa?"

"Na mwenye wake wawili?"

"Popote penye nafasi. Mchimba kaburi haulizi nani bi mkubwa." Kisha akaniangalia vizuri zaidi. "Mama Lanto, kuna nini?"

"Hakuna. Hesabu mitandio yako."

Njia nzima ya kupanda mlima niliwaonea wivu wake wa Waislamu nisiowajua. Kila mmoja na shimo lake. Hakuna wa kumvuta mwenzake blanketi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Herizo amekaa kwenye jiwe la mlangoni, ameshika kofia mkononi. Herizo ni mdogo wake Bakoly. Ni mzee wa kanisa la uamsho, wale wanaovaa kanzu nyeupe wakiombea wagonjwa. Familia ya mume wangu na mimi ni Wakatoliki. Padri wetu huja asubuhi ya siku ya kuwafunga wafu upya, husoma misa, hunyunyiza maji ya baraka, kisha hula nasi wali wenye mafuta ya nguruwe na kuomba aongezewe. Kwa watu wa Herizo si hivyo. Kwao mfu haamshwi na binadamu. Humlaza katika jeneza la mbao, hupiga misumari, huimba, na jeneza hilo halifunguliwi tena mpaka parapanda ilie. Mama yao alikubali Bakoly azikwe katika kaburi la ukoo wa mumewe kwa sharti hilo moja.

Nikamkaribisha ndani, nikampa maji ya ukoko wa wali, ya moto. Aliyanywa yote kabla ya kusema.

"Dada Lanto, nimesikia wanataka kumfungua dada yangu."

"Nami nimesikia."

"Mama alikufa akiwa ameshika ahadi yao. Kwamba jeneza halitafunguliwa. Walisema mbele yangu, nilikuwa na akili zangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa ya kugombana. "Mimi siwahukumu ninyi. Mnawapenda watu wenu kwa namna yenu. Lakini yeye ni wa kwetu."

"Kwa nini umekuja kwangu? Kwangu hakuna mzee."

"Kwa sababu wewe ndiye unayefuma. Bila kitambaa hakuna kufunga."

Nilitazama nyuzi za mtande zilizotandazwa kati ya vigingi. Nilijua nitamjibu nini kabla hajamaliza, na nilijua si kwa sababu ya mama yake wala ya parapanda.

"Vipande vitatu," nikamwambia. "Havitazidi."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniita mwenye haki. Nikaona aibu kidogo, lakini haikuzidi furaha.

Jumapili baada ya misa familia ilikutana nyumbani kwa Zoely. Alikuwepo baba mdogo Ndriana, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na Herizo aliyeombwa aje. Zoely alieleza ndoto yake tena. Herizo akaeleza ahadi. Kisha nikasimama mimi, nikasema kwamba ahadi aliyopewa mama ni kitu kizito, kwamba kila dini ina adabu yake, na kwamba si vizuri kumsumbua marehemu aliyelala kwa imani yake.

Zoely alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Tangu lini wewe ukawa mlokole? Leo asubuhi si ulikuwa benchi la mbele kwa padri?"

Watu wakacheka. Hata Herizo aliinamisha kichwa kuficha mdomo.

"Nimesema adabu tu," nikasema.

"Adabu! Wifi, wewe ungekubali hata tumzike upya Kichina, ilimradi awe mbali na Ralambo."

"Zoely," baba mdogo akamkemea.

"Uongo?"

Nikaketi. Baba mdogo Ndriana akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kaburi lifunguliwe kwanza, mapema, watu wachache tu. Jeneza likiwa zima, haliguswi, na Ralambo atafungwa peke yake. Likiwa limevunjika, mwanamke wa watu hawezi kuachwa uchi mbele ya wakwe.

"Mchungaji, unasemaje?" akamgeukia Herizo.

"Mimi si mchungaji, mzee, ni mwombaji tu," akasema Herizo. Alifikiri sana. "Uchi, hapana. Hata sisi hatumwachi mtu uchi."

Nilirudi nyumbani nimetulia. Jeneza lile nililijua. Niliingia kaburini siku tulipomweka Ralambo, na nililitazama kuliko watu wote.

Kaburi letu ni la mawe, lina vitanda vya mawe pande mbili, vitatu vitatu kwenda juu, vilivyokatwa kwa kipimo cha mtu aliyefungwa sanda. Jeneza haliingii. Kwa hiyo la Bakoly liliwekwa juu kabisa, kwenye magogo mawili yaliyopitishwa kutoka kitanda cha juu cha upande huu mpaka cha upande ule, kama dari ndogo. Zilikuwa mbao nene za msonobari, na misumari isiyohesabika. Siku ya Ralambo wanaume walitaka kumpandisha kitanda cha juu, kichwa chake kandokando ya jeneza hilo. Nilisema mgongo ulimtesa miaka yake yote ya mwisho, asipandishwe. Walinielewa, au walijifanya wamenielewa. Wakatandika mkeka chini kwenye sakafu, wakamlaza pale. Nilipima kwa macho: kati ya mume wangu na Bakoly palikuwa na kimo cha mtu mzima. Nilitoka kaburini nimeridhika.

Siku tatu nilifuma kwa raha. Kipande cha pili kikaisha, nikakitoa vigingini, nikakikunja, nikaanza cha tatu. Zoely alipita mara moja, akaangalia, hakusema kitu. Nilikuwa hata nimeanza kuimba.

Mtazama nyota, anayetuchagulia siku njema, alitupangia asubuhi ya Alhamisi. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, miguu ikiwasha kwa baridi. Vijana wawili walichimba udongo mlangoni, baba mdogo akamwaga kinywaji kidogo cha kuwaomba radhi wenye nyumba, na jiwe likasogezwa. Herizo alikuja na kanzu yake nyeupe. Alisimama kando mpaka baba mdogo alipomaliza, kisha naye akaomba kwa namna yake, na sisi tukamsubiri.

Baba mdogo aliingia na taa. Zoely akafuata, kisha Herizo, kisha mimi. Nikagongana na mgongo wa Herizo kwa sababu alikuwa amesimama ghafla.

Juu hapakuwa na kitu. Gogo moja lilikuwa limeliwa na mchwa mpaka likawa kama mkate, likakatika katikati. La pili lilikuwa limeinama kama bega. Jeneza lilikuwa limeshuka chini lote, kwa kichwa, likapasuka ubavu. Mbao zilikuwa zimelala huku na huku. Chini yake, juu ya mkeka niliouchagua mimi, sanda ya Ralambo ilikuwa imegeuka vumbi jekundu, na juu ya kifua chake, na ndani ya mbavu zake, na kila mahali, alikuwepo Bakoly.

Baba mdogo akaishusha taa karibu zaidi.

"Kuna kitu kimenilemea kifuani," Zoely akasema polepole. Alikuwa anakumbuka ndoto. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha bega, machozi yanamtoka. "Ungemwacha kule juu, wifi! Ungemwacha kule juu, kila mtu angekuwa kivyake!"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Sakafuni! Wewe mwenyewe! Mgongo unamuuma!"

Herizo alikuwa amepiga magoti. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaokota msumari mmoja uliopinda, akaufuta kutu kwa kidole.

"Yupi ni yupi?" aliniuliza. Aliniuliza mimi, kama kwamba mke lazima ajue.

Nilichuchumaa kando yake. Nilimjua Ralambo kwa kicheko, kwa kikohozi, kwa namna alivyovua viatu. Nilitafuta kidole cha mguu kilichovunjwa na jembe. Nilitafuta pengo la jino. Kulikuwa na mafuvu mawili, hayo tuliweza kuyatenga, lakini mifupa mingine yote ilikuwa ya wote wawili, rangi moja, wembamba mmoja. Nikashika mfupa wa mkono nikidhani ni wake, nikaugeuza, nikaona ni wa mkono wa kushoto. Sikujua ni wa nani. Nikaurudisha pale pale.

"Sijui, kaka," nikasema.

Herizo aliufumba msumari kiganjani.

"Basi mfunikeni," akasema. "Mimi sitagusa, na siku ya ngoma sitakuja. Nitakuwa kanisani namwombea. Lakini mfunikeni vizuri. Na hizi mbao nitazibeba mimi."

Akazibeba, zote, mara tatu alitoka na kurudi, kanzu imekuwa nyekundu kwa vumbi la sanda ya mume wangu. Aliuweka msumari mfukoni.

Zoely alinisindikiza mpaka nyumbani. Njiani hakucheka tena. Alikaa kwenye gunia lake, mimi nikapiga vigingi na kuanza kuutandaza mtande wa kipande cha nne kando ya kile cha tatu ambacho kilikuwa bado hakijaisha.

"Vitano," alisema.

"Najua."

"Hariri itatosha?"

"Ukitoka juu ya vifuko vyangu nitajua."

Akasogea. Alinitazama nikihesabu nyuzi, kisha akauliza lile nililokuwa nalisubiri. Siku ya ngoma wanawake hukaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, na wafu hulazwa juu ya mapaja yao wakati wa kuvishwa.

"Nani atawapakata?"

"Mimi."

"Wote wawili?" Macho yalimtoka. "Naweza kumwomba binamu yake Bakoly. Hatakataa."

"Akimpakata Bakoly atakuwa amempakata Ralambo. Hapana. Nitawapakata mimi."

"Wivu wako hauna hata likizo, mwanamke wewe."

Nilifunga nyuzi za kwanza kwenye kigingi. "Kitu kimoja. Ukingo wa kipande cha tano sitaupinda. Nyuzi zake nitaziacha zinaning'inia."

"Kwa nini? Itaonekana kama haikumalizika."

"Upande wa Ralambo. Uachwe wazi, ili siku yangu ikifika kuwe na mahali pa kushonea kipande kingine."

Nilidhani atacheka, nikajiandaa.

"Upande wa Ralambo ni upi, sasa?" aliuliza, taratibu kabisa.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliendelea kufunga nyuzi.

"Na wewe una afya ya ng'ombe," akaendelea. "Hii itakuwa imeoza zamani kabla hujafa."

"Itakayofuata nayo iachwe wazi. Na itakayofuata hiyo. Wewe ndiye utakayewaambia."

"Itakayofuata ataifuma nani?"

"Mimi, kama nipo."

"Na kama hupo?"

"Basi mtakuwa mmeshanishona."

Hapo alicheka, lakini kwa upole, akanigusa bega, akaenda kuwasha moto nyumbani kwake.

Nilirudi kwenye kipande cha tatu. Nilishindilia mistari michache, lakini jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima na rangi ya uzi ikawa haionekani tena vizuri, nyekundu ikawa kama nyeusi. Nikamaliza mstari niliokuwa nao mpaka ukingoni. Nilifunika vigingi vyote kwa mkeka. Kabla ya kuuweka ubao mahali pake, nilipitisha kidole gumba upande wangu, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta kibonde changu. Palikuwa na kitu kidogo, labda, karibu na ncha. Nitatazama kesho kukiwa na mwanga.